Babu, sanduku la mjukuu ni la nani?



Ndugu msomaji, katika darsa yetu ya mirathi mzee mmoja, aliyekula jasho la useremala maisha yake yote, aliuliza swali lililowafanya waliokwisha kushika viatu wakae tena. Mwanawe mkubwa amefariki dunia na kuacha mtoto wa kiume wa miaka sita. Mzee amemtengenezea mjukuu huyo sanduku la mninga ili atie nguo zake, madaftari yake na vitu vichache vilivyobaki vya marehemu baba yake. Sanduku liko chumbani kwa mzee, na bibi kwa kuona lina nafasi ameshatia kanga zake humo. "Mwalimu," akauliza, "nikifa kesho, sanduku hili ni la nani?"

Jibu fupi ni kwamba, kwa hali aliyoieleza, sanduku ni la mzee. Akifa linaingia katika mirathi pamoja na kitanda na redio. Na katika mirathi hiyo, maadamu mzee ana mtoto mwingine wa kiume aliye hai, mjukuu hana fungu hata moja. Watu walishtuka. Wapo waliodhani yatima anakaa mahali pa baba yake na kuchukua alichokuwa achukue baba yake. Kwa hakika sivyo, na ndiyo maana nimeona tulizungumze jambo hili kwa urefu, sanduku na hukumu yake pamoja.

Tuanze na kazi yenyewe ya mikono, kwa kuwa dini yetu haikuidharau hata kidogo. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Nabii Zakariya (AS) alikuwa seremala. Nabii Nuhu (AS) aliamrishwa kuunda jahazi. Na mimbari ya Mtume (SAW) pale Madina, kwa mapokezi ya Bukhari, iliundwa na seremala kwa mti ulioletwa kutoka al-Ghaba, nje ya mji. Babu mwenye randa mkononi yumo katika kundi tukufu kuliko wengi wetu tunaoshika chaki.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa kasha ni kitu gani. Makasha ya msaji yenye njumu za shaba yalifika Unguja, Lamu na Mombasa kwa majahazi kutoka Bara Hindi. Waomani wanayaita mandoos. Bibi harusi aliingia nalo kwa mumewe, na ndani, pembeni, mlikuwa na kisanduku kidogo cha kutilia dhahabu na hati. Hicho kisanduku kidogo mkikumbuke, tutakihitaji huko mbele.

Kwa mtoto, sanduku halina haja ya kuwa kubwa. Urefu wa futi 3, upana wa futi 1 na nusu na kina kama hicho vinamtosha mpaka amalize shule. Mbao ya inchi 1 inatosha. Mninga unasifika kwa kuwa haupindi sana ukishakauka, na kiini chake hakiliwi ovyo na wadudu. Mkongo ni mgumu na mzito zaidi. Msindano ni mwepesi na bei yake ni nafuu, lakini usiutumie bila kutiwa dawa. Lolote utakalochukua, kataa mbao yenye ule ukanda mweupe wa nje ya mti, maana wadudu huanzia hapo. Kataa pia mbao mbichi. Mafundi wa Keko watakwambia kuwa mbao mbichi husinyaa baada ya kufungwa, viungo vikaachana na kifuniko kikabenuka. Ipange kivulini kwa vijiti katikati ili upepo upite, na uwe na subira ya miezi, si siku.

Kwenye pembe, misumari mitupu haidumu. Seremala anayeijua kazi hukata meno kwenye ncha za mbao mbili zinazokutana, yakapishana kama vidole vya mikono iliyoshikamana, kisha hutia gundi na kubana mpaka ikauke. Mbao ya chini iingie katika mfereji uliochimbwa kuzunguka kuta zote nne. Ikipigiliwa kwa chini tu, uzito wa vitabu utaing'oa. Tia miguu ya inchi 2, kwani wakazi wa mabondeni wanayajua maji ya masika. Nje piga msasa, kisha vanishi. Ndani acha mbao tupu, kwani harufu ya vanishi hukaa muda mrefu kwenye nguo.

Kifuniko ndicho chenye hatari, na hapa naomba wazee wanisikilize vizuri. Mwaka 1996 huko Marekani ilibidi litolewe tangazo la kubadilisha vitasa vya masanduku ya mbao yapatayo milioni 12, yaliyotengenezwa kati ya 1912 na 1987. Watoto walikuwa wakiingia ndani katika michezo yao, kifuniko kikishuka kitasa kinajifunga chenyewe, na kwa ndani hakifunguki. Walikufa kwa kukosa hewa. Basi sanduku la mjukuu lisiwe kabisa na kitasa cha kujifunga. Toboa matundu ya hewa nyuma na ubavuni, uyazibe kwa wavu wa waya ili mende wasiingie. Weka na mkono wa chuma unaokishikilia kifuniko kikiwa wazi, kisije kumwangukia mtoto shingoni anapoinama kutafuta soksi.

Sasa turudi kwenye swali.

Mafungu ya mirathi yametajwa katika Suratun-Nisaa, na wanazuoni wamekubaliana kuwa mtoto wa kiume aliye hai humzuia mtoto wa ndugu yake aliyekufa. Aliye karibu zaidi na marehemu hutangulia. Kama mzee angekuwa na mabinti peke yao, mjukuu wa kiume wa mwanawe angepata kilichobaki baada ya mabinti kuchukua theluthi mbili, au nusu akiwa binti ni mmoja, na wengine wenye mafungu kupewa yao. Ama watoto wa binti, hao si katika warithi wenye mafungu hata kidogo. Wengi hawalijui hili mpaka siku ya kugawana, na siku hiyo ndipo yatima anapoambiwa na ami yake atoe nguo zake sandukuni.

Asidhani mtu kuwa Sharia imemsahau yatima. Mtume wetu (SAW) mwenyewe alifiwa na baba kabla hajazaliwa, akafiwa na mama akiwa na miaka 6, na aliyemchukua ni babu yake Abdul Muttalib mpaka naye alipofariki Mtume akiwa na miaka 8. Sharia imeacha milango miwili mikubwa kwa mjukuu asiyerithi, nayo ni hiba na wosia. Lakini funguo za milango hiyo anazo babu, na anazo akiwa hai tu.

Mlango wa kwanza ni hiba, yaani kumpa mtu mali ukiwa hai bila ya malipo. Kumpa mjukuu ni katika mwenendo wa Mtume (SAW). Abu Dawud amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (RA) kuwa Mtume alipoletewa vito kutoka kwa Najashi wa Uhabeshi, mkiwamo pete ya dhahabu, alimwita Umama, binti wa binti yake Zaynab, akampa ajipambe nayo. Tazama, hakumwambia kuwa itakuwa yake baadaye. Alimkabidhi palepale.

Na kukabidhi ndiko kunakokamilisha hiba. Dalili iliyo wazi kuliko zote ni kisa cha Abubakar (RA), alichokipokea Imam Malik katika Muwatta. Alikuwa amempa binti yake Aisha tende za kiasi cha wasaki 20 katika mali yake ya al-Ghaba, lakini Aisha hakuzivuna wala kuzichukua. Mauti yalipomkaribia, Abubakar alimweleza binti yake kwamba hakuna anayependa awe tajiri kuliko yeye, na lau angezivuna na kuzimiliki zingekuwa zake, lakini siku ile zilikuwa mali ya warithi, ndugu zake wawili wa kiume na dada zake wawili. Aisha akashangaa, maana dada alikuwa na mmoja tu, Asmaa. Abubakar akamjibu kuwa wa pili yumo tumboni mwa mkewe, binti wa Kharija. Na kweli alizaliwa binti. Msomaji, huyu ni khalifa, na aliyepewa ni Mama wa Waumini, na mapenzi baina yao hayana shaka. Hata hivyo, ahadi isiyokabidhiwa haikusimama.

Basi babu afanye nini? Mtoto wa miaka sita hawezi kupokea mali kisharia, hupokelewa na walii wake. Baba akiwa hai, baba ndiye hupokea. Baba akiwa amekufa, kwa madhehebu ya Shafii babu mzaa baba ndiye walii wa mali yake, na anaweza kutoa kwa mkono mmoja na kupokea kwa niaba ya mtoto kwa mkono wa pili. Aite mashahidi wawili waadilifu, aseme waziwazi kuwa sanduku hili amempa fulani bin fulani na amempokelea, kisha liandikwe. Baada ya hapo lihamishiwe anakolala mtoto, na kanga za bibi zitoke. Mtu anayeendelea kukitumia alichodai amekitoa huwapa warithi hoja ya kesho. Babu mzaa mama hana uwalii huo, hivyo yeye amkabidhi baba wa mtoto, au babu mzaa baba, au aliyewekwa kuwa msimamizi wa yatima.

Na jambo lisemwe kwa ukamilifu wake. Kumpa mtoto sanduku si kumpa kila kitakachotiwa humo baadaye. Ukiweka ndani pesa au cheni ya dhahabu, sema kwa mashahidi kuwa na hicho umempa.

Hapa wajukuu wengine watanung'unika, na baba zao zaidi. Hadithi ya Nu'man bin Bashir iliyo katika Bukhari na Muslim inajulikana: baba yake alitaka Mtume (SAW) awe shahidi wa zawadi aliyompa, Mtume akamuuliza kama watoto wote amewapa mfano wake, aliposema hapana, alimtaka amche Allah na afanye uadilifu baina yao. Mashafii wanasema kusawazisha ni sunna kwa wajukuu pia, na kupendelea ni makuruhu ila pakiwa na haja. Yatima asiye na wa kumnunulia daftari ana haja, wala sioni ubishi hapo. Lakini babu awaite wanawe na awaeleze kwa mdomo wake. Maneno ya baba aliye hai huzima fitina ambayo karatasi ya baba aliyekufa haiizimi.

Wala asingoje kitanda cha hospitali. Kinachotolewa katika ugonjwa unaomuua mtu huhesabiwa kama wosia, kikiwa ndani ya theluthi hupita, kikizidi hungoja ridhaa ya warithi.

Mlango wa pili ndio huo wa wosia. Sanduku peke yake halitamsomesha mtoto. Saad bin Abi Waqqas (RA) alipougua alitaka kuusia theluthi mbili ya mali yake, akazuiwa. Akataka nusu, akazuiwa. Akaruhusiwa theluthi, na akaambiwa hata hiyo ni nyingi. Basi mzee mwenye nyumba na kiwanja anaweza kumwandikia mjukuu asiyerithi sehemu mpaka theluthi, na hakuna mtoto wake awezaye kuitengua. Kama mjukuu ni mrithi, mathalani hakubaki mtoto wa kiume, wosia kwake haupiti ila wenzake wakiridhia.

Ibn Hazm aliona wosia kwa jamaa wasiorithi ni wajibu, akitegemea aya ya 180 ya Suratul-Baqara. Misri, kwa sheria namba 71 ya mwaka 1946, iliwawekea wajukuu waliofiwa na mzazi wosia wa lazima ndani ya theluthi hata kama babu hakuandika. Pakistan ilikwenda mbali zaidi mwaka 1961 kwa kuwapa wajukuu hao fungu la mzazi wao, na wanazuoni wengi wameipinga. Kwa madhehebu yanayofuatwa na wengi wetu hapa Afrika Mashariki, wosia huo ni sunna tu. Maana yake ni kuwa babu asipoandika, mjukuu anabakia na huruma ya ami zake. Allah (SW) amewahimiza katika aya ya 8 ya Suratun-Nisaa wawape chochote jamaa, mayatima na masikini waliohudhuria mgao na wawaambie maneno mema. Katika vikao vya mirathi nilivyohudhuria, aya hiyo husomwa mara chache mno.

Wosia uandikwe, ushuhudiwe na watu wawili wasio na fungu ndani yake, na mwosiaji atie sahihi au dole gumba. Nakala moja iwe kwa imamu au mtu mwaminifu asiye wa familia, na kwa Tanzania Bara RITA nao hupokea na kuhifadhi wosia. Nakala ya pili ndiyo ya kile kisanduku kidogo cha pembeni, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo cha baba yake na ile karatasi ya hiba. Funguo za kufuli zitengenezwe mbili, mmoja akae nao mama wa mtoto na wa pili shahidi wa hiba, mpaka mtoto atakapobaleghe na kuonekana ana busara ya mali yake, akabidhiwe mbele ya mashahidi kama ilivyoelekezwa katika aya ya 6 ya sura hiyohiyo.