Somo la Uraia: Dereva Asiposimama Kizuizini, Je, Polisi Wanaweza Kufyatua Risasi?

Swali hili huulizwa kila mahali watu wanapokutana, kuanzia steji za bodaboda za Bulla Pesa hadi soko la mifugo la Oldonyiro. Jibu fupi ni kwamba kutosimama, peke yake, hakumpi afisa ruhusa ya kumpiga dereva risasi. Lakini jibu hilo halimsaidii sana mtu aliye barabarani saa nne usiku, wala afisa aliyesimama gizani asijue ni nani yuko nyuma ya taa zinazomjia. Kwa hiyo tulichukue swali hili polepole.

Tuanze na wajibu wa dereva, maana katika mjadala huu mara nyingi husahaulika. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inawapa polisi uwezo wa kuweka vizuizi barabarani kwa ajili ya kulinda usalama au kuzuia uhalifu. Afisa aliyevaa sare akikupa ishara ya kusimama, unapaswa kusimama. Usiposimama umetenda kosa, na afisa anaruhusiwa kuchukua hatua za kiasi kuzuia gari lisipite. Kuwa na haraka ya kufikisha miraa, kubeba abiria kupita kiasi au kuchoka kutoa "kitu kidogo" si sababu inayokubalika kisheria. Ikiwa afisa anadai hongo, hilo ni kosa lake na kuna mahali pa kulishtaki. Kukanyaga mafuta hakulitatui.

Basi ni hatua zipi zilizo za kiasi? Hapa ndipo tunapofungua Jedwali la Sita la sheria hiyo hiyo, ambalo ni kurasa chache tu na kila mkaazi wa Isiolo angefaa kulisoma. Linasema afisa atumie kwanza njia zisizo za nguvu, na akilazimika kutumia nguvu, ziwe zinalingana na uzito wa kosa na upinzani anaokabiliana nao. Kuhusu bunduki, sharti ni kali zaidi. Bunduki hutumika pale tu njia nyingine haziwezi kutosha, na kwa shabaha ya kuokoa au kulinda uhai wa afisa au wa mtu mwingine dhidi ya hatari ya kifo au jeraha baya iliyo karibu kutokea. Kabla ya kufyatua, afisa ajitambulishe na atoe onyo lililo wazi, kisha aache muda wa kutosha onyo hilo lisikike na kufuatwa, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kungehatarisha maisha au kusingekuwa na maana yoyote. Tena jedwali hilo linasema amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Marekebisho ya mwaka 2014 yaliongeza hali nyingine, kati yake kulinda maisha na mali kwa nguvu zinazoweza kuhalalishwa, na kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke kizuizini. Neno "mali" ndilo lililoleta ubishi. Je, afisa anayedhani gari lililo mbele yake limeibwa anaweza kulimiminia risasi?

Swali hilo lilifika mahakamani, na kesi yenyewe ni ya karibu. Usiku wa Oktoba 23, 2022, mwanahabari kutoka Pakistan, Arshad Sharif, alikuwa abiria katika gari lililokuwa likipita barabara ya vumbi kando ya barabara ya Magadi, Kaunti ya Kajiado. Maafisa wa GSU walikuwa wameweka mawe barabarani. Polisi walieleza kwamba walikuwa wakisaka gari lililoripotiwa kuibwa mtaa wa Pangani, Nairobi, na kwamba gari lililombeba Sharif lilipita kizuizi bila kusimama. Lilipigwa risasi, na Sharif akafa kwa jeraha la kichwani. Gari walilokuwa wakilisaka lilikuwa la aina nyingine na lenye nambari nyingine. Wapelelezi wa Pakistan walisema baadaye kwamba yalikuwa mauaji ya kupangwa. Polisi wetu walishikilia kwamba ilikuwa makosa ya utambuzi.

Mjane wake alienda Mahakama Kuu ya Kajiado. Julai 8, 2024, Jaji Stella Mutuku aliamua kwamba kumpiga Sharif risasi kulikuwa kinyume cha Katiba, kulizidi kiasi na hakukuwa na sababu. Aliamuru familia ilipwe shilingi milioni 10, na akazitaka taasisi husika zikamilishe uchunguzi na kuwafungulia mashtaka wahusika. Kwa msomaji wetu, maana yake ni hii: hata tukilikubali simulizi la polisi lote kama lilivyo, yaani kizuizi kilikuwapo, gari halikusimama na walidhani limeibwa, bado risasi zile hazikuwa halali. Hakuna aliyekuwa karibu kuuawa na lile gari.

Jambo la pili katika kesi ile linatuhusu sisi wa huku zaidi kuliko watu wa Nairobi, nalo ni yale mawe. Wazee wetu wanakumbuka malori ya Moyale yakienda kwa misafara yenye walinzi wenye silaha, kwa sababu gari moja likikuta mawe barabarani lilijua limefikiwa na majambazi. Lami imefika na mambo yamebadilika, lakini dereva aliyekulia kwenye njia hiyo, au ile ya Garba Tulla kwenda Modogashe, akiona mawe gizani bila taa wala sare, mguu wake hauendi kwenye breki. Kizuizi kisichoonekana kuwa cha polisi kinamfanya mtu mwema aonekane mhalifu. Kuweka taa, alama na sare zinazoonekana si mapambo. Ndiyo njia ya kumtenganisha dereva mwenye hofu na dereva mwenye nia mbaya.

Sasa tuwasikilize wanaosema polisi waachiwe nafasi zaidi. Hoja yao si ya kupuuzwa. Silaha haramu husafirishwa kwa barabara zinazopita kaunti yetu. Mifugo ya wizi hupakiwa kwenye malori. Maafisa kaskazini mwa nchi wameuawa kwa vilipuzi na kwa kuviziwa, na gari lenyewe linaweza kuwa silaha likielekezwa kwa mtu. Afisa ana nukta moja au mbili za kuamua, nasi tunamhukumu tukiwa tumekaa kwenye viti na chai mbele yetu. Sheria inalijua hilo. Dereva anayemwelekezea afisa gari kwa nia ya kumwua, au aliye na watu ndani wanaofyatua risasi, amekwisha kuvuka mpaka, na afisa anaweza kujilinda.

Lakini kuna ukweli mmoja usiobadilika: risasi hailisimamishi gari. Inamwua dereva, na gari linaendelea na safari bila mtu wa kulishika. Lori la tani kumi lililopoteza dereva karibu na soko ni hatari kuliko lori linalotoroka. Wengine husema basi apige tairi. Tairi linalozunguka gizani ni shabaha ndogo mno, risasi huruka kutoka kwenye lami, na aliyekusudia gurudumu huishia kupiga mlango. Kisheria, kufyatua kuelekea tairi ni kutumia bunduki, na masharti yote ya Jedwali la Sita yanamhusu. Tena fikirini nani yumo ndani. Katika malori yetu hukaa wachuuzi, akina mama wanaorudi sokoni, na vijana juu ya mbuzi. Hao hawakukataa kusimama, usukani hawakuushika.

Polisi wa miji mingine walilifikiria hili zamani. Jiji la New York liliweka kanuni mwaka 1972 iliyowakataza polisi wake kupiga risasi gari linalokwenda, ila pale mtu anaposhambuliwa kwa silaha nyingine isiyo gari lenyewe, na ufyatuaji wa risasi wa polisi wa jiji hilo ukapungua. Ufaransa ilienda njia tofauti: sheria ya mwaka 2017 ilipanua nafasi ya polisi kufyatulia magari yanayokataa kusimama. Juni 27, 2023, kijana wa miaka 17 aliuawa hivyo mjini Nanterre. Video ilimwonyesha afisa akiwa kando ya gari, wala si mbele yake, na nchi ikawaka kwa ghasia siku kadhaa. Afadhali kwetu kufuata jedwali tulilo nalo kuliko kulilegeza.

Kuna sababu nyingine ya Isiolo kulijali jambo hili. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia madai dhidi ya maafisa kwa yaliyotendwa kati ya mwisho wa 1963 na mwisho wa 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Familia zilizopoteza watu na mifugo wakati wa vita vya shifta ziliambiwa na sheria yenyewe kwamba hakuna wa kumshtaki. Ndiyo maana mpaka leo wazee wengi, akipigwa mtu risasi, husema "serikali haishtakiwi" na kuzika. Katiba ya 2010 imebadili hilo: Kifungu cha 26 kinalinda uhai wa kila mtu, na Kifungu cha 22 kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani.

Ukiwa barabarani usiku, punguza mwendo mapema, shusha taa kali, washa taa ya ndani na mikono ionekane kwenye usukani. Usigeuze gari ghafla. Ukiwa na shaka kama walio mbele ni polisi, simama ukiwa bado mbali na upige 999 au 112. Mwendesha bodaboda azime injini na avue kofia akiulizwa. Angalia jina au nambari ya huduma kwenye sare. Sheria inamtaka afisa aivae mahali panapoonekana. Jua pia unasimamishwa na nani. Askari wa kaunti wanaokusanya ushuru wa mchanga au mifugo si polisi, na hawana mamlaka ya kumfyatulia yeyote risasi. Askari wa akiba wa polisi wanaobeba bunduki za serikali hufanya kazi chini ya amri ya polisi, na sheria ya bunduki ni ile ile kwao.

Mtu akipigwa risasi, afisa analazimika kuhakikisha amepata matibabu mara moja na jamaa zake wamejulishwa. Risasi yoyote iliyofyatuliwa, hata kama haikumjeruhi mtu, lazima iripotiwe kwa mkubwa wake. Kukiwa na kifo au jeraha baya, mkubwa huyo anatakiwa kuijulisha bila kukawia Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Msingoje afanye hivyo. Pigeni simu wenyewe, nambari 1559, bila malipo, au nendeni afisi yao ya Meru iliyo karibu nasi. Chukueni nambari ya kitabu cha matukio kituoni, fomu ya P3 na karatasi za hospitali. Gari lisioshwe wala lisipelekwe gereji kabla ya kupigwa picha, kwa sababu matundu ya risasi hueleza ilitoka wapi. Kabla ya maziko, ombeni uchunguzi wa maiti. Tunajua dini ya wengi wetu inahimiza kuzika haraka, na madaktari wakielezwa mapema shughuli hiyo yaweza kufanywa siku hiyo hiyo. Dai la fidia la kawaida dhidi ya serikali lifunguliwe ndani ya miezi 12.

Hatusemi kulalamika ni kazi rahisi. Mwaka 2015 mwendesha bodaboda Josephat Mwenda alipigwa risasi mkononi na afisa aliyemsimamisha, akapeleka malalamiko IPOA. Juni 23, 2016, baada ya kutoka mahakama ya Mavoko, alitekwa pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri, wakauawa. Februari 3, 2023, Mahakama Kuu ilimhukumu afisa huyo, Fredrick Leliman, kifo, na wenzake watatu vifungo vya miaka 20 hadi 30. Anayeogopa kutoa ushahidi aombe Mamlaka ya Kulinda Mashahidi, na asiende kituoni peke yake.

Sheria ya polisi inataka pia kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti inayoongozwa na gavana, ambapo wananchi wanaweza kupeleka maoni kuhusu kazi ya polisi. Vizuizi ni jambo la kupeleka huko. Kwa vikundi vitakavyosoma somo hili pamoja, haya ni maswali ya kuanzia. Ni vizuizi gani katika wadi yenu havionekani usiku, na vingehitaji nini ili vionekane? Dereva akitoroka na nambari ya gari imeandikwa, ni njia zipi za kumpata kesho yake? Na ikiwa afisa ana hakika kwamba lori limebeba mifugo ya wizi, lakini hakuna aliyeelekeza silaha kwake, je, mali ya jirani yenu inatosha kuhalalisha risasi? Swali hili la mwisho lipeni muda, na mwiteni afisa mkuu wa kituo aje ajibu nanyi.