Kiunzi Kilichofichika Ndani ya Programu

Programu nyingi zitoazo huduma katika mtandao huandikwa kwa lugha ya Java. Mwandishi wake haanzi kazi mikono mitupu. Hutwaa kiunzi kilichokwisha kutengenezwa na wengine, ambacho hupokea maombi ya watumiaji na kurudisha majibu. Yeye huongeza yale yahusuyo shughuli yake tu. Kimojawapo cha viunzi hivyo ni Apache Struts.

Tarehe 7 Machi 2017 ilitangazwa kasoro kubwa katika Struts, pamoja na matoleo yaliyosahihishwa, 2.3.32 na 2.5.10.1. Kasoro yenyewe yastahili kuelezwa. Kila ombi liendalo kwa seva huambatana na maelezo mafupi, na mojawapo hutaja aina ya data iliyotumwa. Maelezo hayo yalipokuwa na kosa, Struts ilitunga ujumbe wa kulieleza, ikiyanukuu maneno ya mtumaji. Kisha ujumbe huo ukapitishwa mahali ambapo semi za lugha iitwayo OGNL hutekelezwa. Basi aliyetaka kuiamuru seva hakuhitaji neno la siri. Aliandika amri yake mahali pa aina ya data, nayo seva ikatii. (Kuchanganya data na amri ni kosa la kale katika fani hii, na halijatokomea.)

Kampuni ya Equifax ya Marekani, itunzayo kumbukumbu za mikopo ya watu, ilipata habari mapema. Tarehe 9 Machi agizo la ndani lilitaka marekebisho yafanywe katika muda wa saa 48. Ukaguzi ulifanywa, lakini haukuiona programu iliyokuwa na kasoro. Kuanzia Mei hadi Julai wavamizi walichota habari za watu wapatao milioni 147.

Ugumu wa kuiona watokana na umbile la kiunzi. Mfumo endeshi huhuishwa mara moja kwa mashine nzima, bali kiunzi hufungashwa ndani ya kila programu. Programu kumi huwa na nakala kumi, pengine za matoleo mbalimbali. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuhesabu. Ndipo toleo hubadilishwa, programu ikaundwa upya na kujaribiwa.

Kutoka 2.3.31 hadi 2.3.32 ni hatua fupi. Hatua ndefu ni jambo jingine: Spring 6, kiunzi kilichotolewa Novemba 2022, chadai Java 17, na majina mengi yaliyoanza kwa javax sasa huanza kwa jakarta. Programu inayoyatumia yale ya zamani haiundiki mpaka isahihishwe. Kwa maoni yangu, kazi ya namna hiyo haifai kuanzwa siku ya hatari.

Darasa lenye kompyuta na lichukue programu yoyote ya Java itumiayo Maven. Wanafunzi wahesabu maktaba zilizoorodheshwa katika faili la pom.xml, kisha watoe amri mvn dependency:tree, wahesabu tena. Ni ngapi zilizoingia bila kuandikwa na mwenye programu, nazo zililetwa na zipi?