SOMO LETU: KIKUKU CHA FEDHA CHA BIBI



Neno "fedha" lina maana mbili. Kwanza ni pesa za kununulia chumvi na sabuni. Pili ni madini meupe yanayong'aa. Zamani vitu hivi viwili vilikuwa kitu kimoja. Pesa zenyewe zilikuwa madini hayo, na aliyekuwa nazo nyingi alizipeleka kwa sonara zikawa mapambo. Bibi alivaa akiba yake mkononi. Hapakuwa na benki.

Tuseme mama mmoja wa Kilosa amerithi kikuku cha bibi yake. Ni kizito, nacho kimekuwa cheusi. Anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu na baiskeli yake. Anasema, "Mama, hili bati tu. Lete nikupe sufuria." Je, akubali? Hapana! Kwanza ajue ameshika nini.

Mapambo mengi ya zamani ya huku bara ni ya shaba. Misafara iliyofuata bonde la mto Mkondoa ilileta masango ya shaba, shanga na nguo za merikani. Fedha ilikuwa chache, na ilitoka zaidi pwani na Unguja. Huko masonara waliyeyusha reale wakatengeneza vikuku, kekee, na mafurungu yanayolia mguuni. Baadaye Wajerumani walileta rupia yao yenye picha ya Kaizari amevaa kofia ya vita. Nayo ilikuwa ya fedha.

Sasa tazama reale vizuri. Ina picha ya mama mnene. Huyo ni Maria Theresa, malkia wa Austria. Pembeni umeandikwa mwaka 1780. Wewe uliyejifunza kusoma tarakimu utasema, "Lo! Ina zaidi ya miaka 200!" Pole pole. Malkia alifariki mwaka 1780, lakini wafanyabiashara waliizoea sura yake wakakataa nyingine. Basi reale ziliendelea kupigwa kwa mwaka uleule, hata katika karne ya 20. Kusoma mwaka ni jambo moja, kujua umri wa kitu ni jambo jingine.

Weusi nao usikutishe. Fedha hushika weusi kwa moshi na hewa, wala haijaoza. Usiisugue kwa mchanga au majivu, maana unaondoa fedha yenyewe pamoja na nakshi. Futa kwa kitambaa laini, basi. Wengine hupima kwa sumaku. Sumaku ikinasa, ndani mna chuma. Isiponasa bado hujajua, kwa sababu hainasi shaba pia.

Mambo haya si ya kwetu tu. Ulaya ya kaskazini, tangu karibu mwaka 800 hadi 1050, waliishi mabaharia walioitwa Waviking. Walipokea dirhamu za fedha kutoka nchi za Kiislamu, wakaziyeyusha ziwe vikuku. Wakitaka kununua kitu walikata kipande cha kikuku wakakipima kwenye mizani. Mwaka 1999, katika shamba moja la kisiwa cha Gotland, Sweden, ziligunduliwa kilo 67 za fedha: vikuku na sarafu zaidi ya 14,000. Hazikuyeyushwa. Ziliwekwa katika makumbusho, na serikali ikamlipa mwenye shamba.

Kwetu pia yapo. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 na chache za dhahabu. Zilizikwa karibu miaka 900 iliyopita. Zina majina ya watawala wa pwani yetu. Kama zingeyeyushwa, nani angejua majina hayo?

Kwa hiyo jembe lako likigonga kitu cha kale, acha kuchimba. Mwambie mtendaji wa kijiji, habari ifike Idara ya Mambo ya Kale. Tanzania Bara tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Na ninyi wa Mikumi mnaouza vinyago kwa wageni wa Hifadhi, angalieni: kitu cha kale hakitoki nje ya nchi bila kibali.

Na yule mama? Kikuku ni chake. Akibanwa na shida, akipime kwanza kwenye mizani ya sonara, si ile ya magunia. Aulize bei ya gramu moja. Aende na mtu anayejua hesabu, yaani wewe.

HESABU: Reale moja ina uzito wa gramu 28. Kikuku cha mama kina gramu 140. Uzito huo ni sawa na reale ngapi? Mnunuzi amesema, "Hapa pana reale tatu tu." Amepunguza gramu ngapi?