Simu Mpya: Ununue Lini, na Uhame Vipi Bila Kupoteza Laini ya Nyumbani

Somo la leo linahusu kitu ambacho huenda umekishika mkononi sasa hivi. Tutajibu maswali matatu. Utajuaje kwamba simu yako imefika mwisho? Utalipaje mpya bila kugusa hela ya nyumbani? Na utahamia simu mpya vipi bila kupoteza laini, WhatsApp na pesa zilizomo? Swali la tatu wengi hawalifikirii mpaka siku yenyewe, na ndilo linaloumiza kuliko yote.

Mifano ya hesabu tumeiweka kwa rial ya Oman. Ukiwa Saudia, Dubai, Doha au kwingineko, weka fedha ya huko uliko. Njia ya kupiga hesabu ni ileile.

1. Andika kwanza simu yako inafanya kazi gani

Chukua karatasi uandike simu inakufanyia nini kwa mwezi. Kwa wengi wetu orodha inafanana: kuongea na watoto, kutuma pesa, kupokea namba za uthibitisho za benki, kutunza picha za pasipoti, mkataba na bataka (au ikama), na kumpata mtu wa kukusaidia ukipata shida usiku. Kwa dada anayelala nyumbani kwa bosi na kutoka siku moja kwa wiki, simu ndiyo mlango wake wa nje.

Orodha hii ndiyo mizani. Simu inayofanya kazi zote hizo bado ni nzima, hata kama kava limechakaa na wenzako kambini wanaicheka. Ikishindwa moja ya kazi hizo na fundi hawezi kuirudisha, hapo una sababu ya kununua. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwenye simu, kidonda hicho huonekana mwisho wa mwezi, ada ya shule inapodaiwa.

2. Dalili za kweli kwamba simu imefika mwisho

*Haipati tena masasisho ya usalama.* Hii ndiyo dalili kubwa kwa mtu anayetuma pesa kwa simu. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya "Kuhusu simu" au "Usalama", uangalie tarehe ya sasisho la mwisho. Kama ni la miaka miwili au mitatu nyuma na hakuna jipya, mianya inayogunduliwa na wezi wa mtandaoni haizibwi tena kwenye simu yako. Ya kupiga picha itafaa, lakini ya kuweka programu ya benki haifai.

*Programu muhimu zinaikataa.* Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4. Mei mwaka huohuo ikaziacha iPhone zisizofika iOS 15.1, zikiwemo iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Mtu wa namna hiyo alikuwa na simu inayowaka vizuri, lakini mawasiliano na nyumbani yamekatika.

*Mguso unagoma au inajizima yenyewe, na gharama ya kuitengeneza inakaribia nusu ya bei ya simu mpya ya kiwango hichohicho.* Hapo kumlipa fundi ni kumwaga maji kwenye mchanga.

Sasa dalili za uongo. Toleo jipya limetoka. Rafiki amenunua. Simu imekuwa nzito kufunguka. Chaji inaisha mapema. Hizi mbili za mwisho mara nyingi zina dawa ya bei nafuu, kama tutakavyoona.

3. Jaribu dawa ya bei nafuu kwanza

*Betri.* Betri ya simu huchakaa kama soli ya kiatu. Apple yenyewe inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimetengenezwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, na za iPhone 15 na kuendelea mara 1,000. Kwa mtu anayechaji kila siku, mara 500 ni kama mwaka mmoja na nusu tu. Kwa hiyo simu ya miaka miwili inayozima saa nane mchana huenda haina ugonjwa zaidi ya betri. Kwenye iPhone, angalia "Betri" ndani ya mipangilio. Ikiwa chini ya asilimia 80, badilisha betri kabla ya kufikiria simu.

*Joto.* Ndugu zetu wa sait, hili ni lenu. Apple inashauri iPhone itumike penye joto lisilozidi nyuzi 35. Mwezi wa saba Ghuba, hata kivulini joto hupita hapo. Mnajua wenyewe kwamba Oman hukataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30, Juni mpaka Agosti. Jua hilohilo linaua betri. Usiache simu juu ya jukwaa la ujenzi wala kwenye dashibodi ya gari, na usiichaji ikiwa ya moto. Iweke ndani ya begi, kivulini.

*Nafasi.* Simu iliyojaa huwa nzito. Ingia WhatsApp, kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, ufute video za makundi. Ukimaliza, izime uiwashe. Wengi wakifanya hivyo huona simu imerudi ujana.

4. Hesabu kwa mwezi, usihesabu kwa bei

Bei ya dukani inadanganya. Gawa bei kwa miezi ambayo simu itadumu. Chukulia mifano hii mitatu:

- Betri mpya ya rial 10 inayokuongezea mwaka mmoja: chini ya rial 1 kwa mwezi.
- Simu ya rial 72 itakayodumu miaka mitatu: rial 2 kwa mwezi.
- Simu ya rial 360 itakayodumu miaka mitatu: rial 10 kwa mwezi.

Tofauti ya simu ya pili na ya tatu ni rial 8 kila mwezi. Kwa miaka mitatu ni rial 288. Rial ya Oman imefungwa kwenye dola, na rial moja ni kama dola 2.6, kwa hiyo unazungumzia karibu dola 750. Jiulize: kamera nzuri ina thamani hiyo kwangu, au nina bati za kuezeka? Jibu ni lako, lakini lijue kabla ya kufika kaunta.

Angalia pia simu itasasishwa mpaka lini. Samsung waliahidi miaka saba ya masasisho kuanzia Galaxy S24, na Google wakafanya hivyo kuanzia Pixel 8. Simu za bei ya chini nyingi hupewa miaka michache zaidi. Miaka hiyo huhesabiwa tangu toleo lilipotoka, haianzi siku uliyonunua wewe. Simu iliyokaa dukani miaka miwili imekwishakula miaka yako miwili.

5. Lini na kwa hela gani

Anza kuweka akiba ya simu wakati iliyopo bado inafanya kazi. Rial 12 kwa mwezi hukupa rial 72 ndani ya miezi sita. Hela hiyo itoke kwenye fungu lako binafsi, baada ya kutuma ya nyumbani. Simu ikigoma ghafla na huna akiba, utanunua yoyote kwa bei yoyote.

Apple kwa kawaida hutoa iPhone mpya mwezi Septemba, na Samsung hutoa Galaxy S mpya mwanzoni mwa mwaka. Zikitoka, matoleo ya nyuma huwa yanashuka bei. Novemba maduka mengi ya Ghuba huwa na punguzo. Lakini usiamini neno "punguzo" peke yake: andika bei ya simu unayoitaka mwezi mmoja kabla, ndipo utajua kama kweli imeshuka.

Kuhusu kulipa kidogokidogo: jumlisha awamu zote. Simu ya rial 72 ikiuzwa kwa rial 9 kwa miezi 10, utalipa rial 90. Hizo 18 za juu ni robo ya bei.

Na kama bosi ataka kukununulia halafu akukate mshahara, usikubali kwa mdomo tu. Siku hiyohiyo mtumie ujumbe wa heshima: "Madam, asante kwa simu. Bei ni rial 72, tumekubaliana unikate rial 12 kwa miezi sita." Akijibu, umeshapata ushahidi. Deni la simu lisiloandikwa huweza kurefuka, na siku ukitaka kuondoka litakuwa kamba mguuni.

6. Ukiwa dukani

*Uliza kuhusu laini kabla ya rangi.* Wewe unahitaji laini mbili: ya hapa na ya nyumbani. Simu nyingi za Android zina nafasi mbili za kadi. Iangalie iPhone kwa makini. Zile zinazouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 hazina tundu la kadi kabisa, zinatumia eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Na iPhone 17 zinazouzwa Oman, Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain nazo ni hivyohivyo. Ukinunua, kadi yako ya nyumbani haina pa kuingia. Uliza mtandao wako kwanza kama wana eSIM, na kama utaipata ukiwa mbali.

*Piga \*#06#.* Namba ya IMEI itatokea kwenye kioo. Ilingane na ya kwenye boksi na kwenye risiti. Kama simu itakwenda Tanzania, tuma namba hiyo kwenda 15090 kwa laini ya Tanzania, utajibiwa simu ni ya aina gani. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini, na waliokuwa nazo zikabaki mapambo.

*Ya mtumba?* Inafaa, mradi muuzaji aifute mbele yako, uiwashe upya, na isiombe barua pepe ya mtu mwingine. Ikiomba, rudisha mezani. Na dai risiti.

7. Siku ya kuhama: fuata mpangilio huu

Usiifute simu ya zamani mpaka umemaliza hatua zote.

1. *Angalia WhatsApp yako imesajiliwa kwa namba ipi.* Wengi bado wanatumia ya nyumbani ambayo imeshafungwa kwa kutotumika. Ukiingiza namba hiyo kwenye simu mpya, ujumbe wa uthibitisho utakwenda kwenye laini isiyokuwepo. Dawa ni kutumia simu ya zamani ikiwa bado imefunguka: WhatsApp, mipangilio, akaunti, badilisha namba. Weka ya hapa uliko, ndipo uhame.
2. *Hakikisha laini ya nyumbani inapokea ujumbe.* M-Pesa, Airtel Money na benki za nyumbani hutuma namba za uthibitisho huko. Laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama ya kidole chako, kwa hiyo ukiipoteza ukiwa Ghuba, kuirudisha kutakusumbua. Kadi ndogo ile itoe ukiwa umekaa mezani. Usiitoe ndani ya basi.
3. *Nakili picha na namba za watu.* Namba tano muhimu, ukiwemo ubalozi, ziandike pia kwenye daftari.
4. *Nakala za mkataba, pasipoti na bataka* mtumie mtu mmoja unayemwamini nyumbani. Zisikae kwenye simu peke yake.
5. *Fungua programu ya kutumia pesa kwenye simu mpya,* utume kiasi kidogo kwanza. Kikifika, endelea.
6. *Kaa na simu zote mbili wiki moja.* Kilichosahaulika kitajionyesha.

8. Ya zamani aende nayo nani?

Kama unamtumia mdogo wako, kwanza ondoa akaunti yako ya Google, au ya Apple kwa iPhone, kutoka ndani ya mipangilio, halafu ndipo uifute yote. Ukifuta bila kutoa akaunti, simu itafika Tanga au Kisii ikiwa imefungwa, inaomba barua pepe na namba ya siri yako. Kama haipati tena masasisho, mwambie asiweke pesa humo. Na ikiwa nyumbani wanaomba mpya, waonyeshe hesabu ya sehemu ya nne: simu hii ni ada ya muhula gani? Mara nyingi wakiiona kwa namba, mazungumzo hubadilika.

Zoezi la wiki hii

Jibu kwa kuandika kwenye daftari:

- Simu yangu ilipata sasisho la mwisho la usalama tarehe gani?
- Betri imebaki asilimia ngapi, au inakaa na chaji saa ngapi?
- WhatsApp na benki yangu zimesajiliwa kwa namba ipi, na namba hiyo leo inapokea ujumbe?
- Simu hii ikianguka kesho kwenye zege, nitawasiliana na nyumbani kwa njia gani?
- Nitaweka kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya simu ijayo, kuanzia mshahara upi?

Ukijibu swali la tatu na la nne leo, umefanya kubwa, hata kama simu utainunua mwakani.