Saratani ya Matiti na Vipokezi vya Estrojeni: Maelezo kwa Jamaa wa Kigali

Mwanamke akikutwa na uvimbe titini, na kipande kilichotolewa kwa sindano kikathibitisha kuwa ni saratani, jamaa zake, wawe wa Nyarugenge, Gasabo au Kicukiro, aghalabu huuliza tu kama maradhi yamekwisha kuenea. Walakini liko swali la pili, linalostahili kuulizwa siku ile ile: je, uvimbe huu una vipokezi vya estrojeni?

Estrojeni ni homoni itokayo hasa katika ovari, nayo huzunguka mwili mzima pamoja na damu, ila haishikwi isipokuwa na chembe zenye vipokezi vyake; na chembe za saratani zilizo navyo, zikiisha kuishika, hupata amri ya kukua na kuzaana. Tabibu George Beatson wa Glasgow alieleza mwaka 1896 kwamba kuondolewa ovari kuliwapa nafuu baadhi ya wagonjwa. Kwa nini wengine waliikosa, haikujulikana hata Elwood Jensen wa Chicago, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alipokifichua kipokezi chenyewe.

Siku hizi kipande hukatwa chembamba mno, kikatiwa dawa ya rangi, na mpimaji atazamapo kwa hadubini huona viini vya chembe zenye vipokezi vimegeuka kahawia. Ikiwa ni kimoja tu katika mia, uvimbe huhesabiwa kuwa navyo. Kipande kikicheleweshwa kutiwa formalini, vipokezi huharibika, na jawabu huweza kutoka la uongo.

Mwenye vipokezi hupewa aghalabu tamoksifeni, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, pengine 10, dawa ambayo huitangulia estrojeni katika nafasi yake na kuizuia amri. Miaka 5 ya dawa hii hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa kadiri ya thuluthi moja. Asiye na vipokezi haimfai, naye hutibiwa kwa njia nyingine. Wagonjwa wa nchi yetu hutibiwa hata Butaro, wilayani Burera, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa Julai 2012. Na baada ya safari hiyo ndefu inatuuma kusikia mgonjwa ameacha vidonge kwa kujiona mzima.

Joto la ghafla mwilini ni adha ya kawaida ya dawa hii. Lakini mguu mmoja ukivimba, pumzi ikibana, au damu ikatoka ukeni baada ya hedhi kukoma, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na anayetazamia mimba amwarifu tabibu kabla ya kumeza kidonge cha kwanza.