Haki ya Bibi Mlezi wa Wajukuu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Somo hili ni katika haki za bibi, naye ni mama wa mama au mama wa baba, ambaye watu wa Mombasa humwita nyanya. Limewekwa kwa ajili ya wanaume wa pwani, kwa sababu wengi wao wazijua haki za mama, na haki za bibi hawazijui. Na aghlabu ya wasiozijua ni wale ambao watoto wao wenyewe wamo mikononi mwake.

Mahali palipochukuliwa kuwa mfano ni Murukulazo, katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, nchi ya vilima iliyo karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi. Wenyeji wa wilaya hiyo ni Wahangaza na Washubi. Huenda msomaji akauliza: Mtu wa Tanga au wa Bagamoyo ana nini na Murukulazo? Jawabu ni kwamba watu wa pwani wameijua njia ya pande zile tangu zamani. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, katika nchi ya Karagwe. Na leo magari ya mizigo yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita Ngara, yakaingia Rwanda kwa daraja la Rusumo, au Burundi kwa njia ya Kabanga, nayo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Penye njia hupatikana ndoa, na penye ndoa hupatikana watoto. Mume huendelea na safari yake. Mtoto hubaki kwa bibi.

MAISHA YA BIBI

Bibi wa Murukulazo huamka kabla ya mapambazuko. Huwasha moto penye mafiga, akawaamsha wajukuu, mkubwa akashike ndoo ya maji, mdogo akawafungulie mbuzi. Kisha hushika jembe. Shamba lake ni migomba iliyozunguka nyumba, na maharage, na mahindi, na mihogo, na pengine mibuni michache ambayo ndiyo mfuko wake wa fedha. Mvua za huko ni misimu miwili katika mwaka, na mwenye kuchelewa kupanda msimu mmoja huiona njaa katika msimu wa pili. Jioni hupika ndizi pamoja na maharage katika chungu kimoja, akawapakulia watoto kwanza, na yeye akala kilichobaki.

Furaha zake si kubwa kwa macho ya watu wa mijini. Hufurahi maharage yakikauka vema uwanjani kabla ya mvua kuyarudia. Hufurahi mjukuu akirudi shuleni akamsomea barua au ujumbe wa simu, kwani macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Hufurahi akisikia watoto wakicheka nje, naye amekaa kizingitini akichambua maharage. Wala asidhani mtu kwamba furaha hii ni ya wanawake wazee tu. Mtume (S.A.W.) alimchukua mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab, naye yumo katika sala, akisujudu humweka chini, na akisimama humchukua tena. Na Aqra' bin Habis alipomwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, akajigamba kuwa ana watoto kumi wala hajambusu hata mmoja, aliambiwa ya kuwa asiyerehemu harehemewi.

MASHAKA YAKE

Shaka ya kwanza ni maradhi. Homa ya mtoto hupanda usiku, na usiku wa vilimani ni mrefu kwa mzee asiye na mtu wa kumtuma.

Ya pili ni gharama. Ada za shule za sekondari mpaka kidato cha nne ziliondolewa na serikali ya Tanzania tangu Januari 2016. Lakini sare, na daftari, na viatu, vyote vyataka fedha, na watoto ni wengi kuliko mibuni. Zanzibar, tangu mwaka huo huo wa 2016, mzee aliyetimiza miaka 70 hupewa pensheni na serikali. Bibi wa Murukulazo hayumo katika mpango huo. Pensheni yake ni jembe lake.

Ya tatu ni kubwa kuliko hizo, nayo ni kujiuliza: Nikifa, hawa watakwenda wapi? Swali hili halikuzuka bure. Mwaka 1983 ugonjwa wa ukimwi ulitambulikana Tanzania kwa mara ya kwanza, na ulikuwa katika mkoa huu huu wa Kagera. Nyumba nyingi za mkoa zilipoteza watu wa makamo. Akafa baba, akafuata mama, wakabaki mzee na watoto. Dawa za kuutuliza ugonjwa huo zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, na vifo vikapungua. Lakini dasturi ya bibi kuwa mama mara ya pili ilikwisha ingia. Kisha mwishoni mwa Aprili 1994, katika siku za mauaji ya Rwanda, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Mabibi wengi wa leo walikuwa mama vijana siku zile, nao waliona kwa macho yao mtoto asiye na mtu huwa katika hali gani.

Na shaka ya nne ndiyo inayowahusu wasomaji wa somo hili: kwamba baba wa mtoto, aliyekaa miaka mingi bila ya kuleta hata kipande cha sabuni, atafika siku moja na gari, amchukue mtoto kama mtu achukuaye mzigo wake aliouweka ghalani.

MAS'ALA YA KWANZA: ULEZI

Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik ya kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alimwoa mwanamke katika Ansari, akazaa naye mwana jina lake Asim, kisha akamwacha mwanamke yule. Siku moja Umar alifika Quba, akamwona mwanawe akicheza katika uwanja wa msikiti. Akamshika mkono, akampakia mbele yake juu ya mnyama. Bibi yake mtoto akamdiriki, akamzuia, wakashindana mpaka wakafika kwa Sayyidna Abu Bakr (R.A.), naye ndiye Khalifa. Umar akadai kuwa ni mwanawe, na bibi akadai kuwa ni mwanawe. Abu Bakr akamwamrisha Umar amwachie bibi yule mtoto. Umar hakurudisha neno.

Na azingatie mwenye akili. Umar ndiye mtu ambaye mashujaa walimwogopa. Na aliyeshindana naye ni mwanamke mzee asiye na upanga wala cheo. Lakini sharia ilipokuwa upande wake, Umar alinyamaza.

Juu ya msingi huu, katika madhehebu ya Imam Shafii, mwenye haki ya kumlea mtoto mdogo kwanza ni mama yake. Mama akifa, haki humwendea mama wa mama. Kisha, baada ya mabibi wa upande wa mama, baba, kisha mama wa baba. Mtoto akifikia umri wa kupambanua mambo, nao kwa kawaida ni miaka kama 7, hupewa hiari ya kuchagua.

Suala: Je, ikiwa bibi si Mwislamu, kama walivyo wengi wa Ngara, na mtoto ni Mwislamu?

Jawabu: Wanavyuoni wa Kishafii wameshurutisha Uislamu kwa mlezi wa mtoto Mwislamu. Wanavyuoni wa Kihanafi na wa Kimaliki hawakuushurutisha, maadamu dini ya mtoto haiogopewi kuharibika. Basi mwenye jambo hili na alipeleke kwa kadhi, wala asijihukumie mwenyewe. Na ajue kwamba hitilafu hii ni katika ulezi tu. Haimfungulii mlango wa kusahau wema. Asmaa binti Abu Bakr (R.A.) alijiwa na mama yake naye bado ni mshirikina, akamwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwunge, akaamrishwa amwunge mama yake. Na mwenye kumnyang'anya bibi mtoto kwa hoja ya dini, naye miaka yote hakumpelekea mtoto huyo mwalimu wala juzuu, hoja yake ina kasoro.

MAS'ALA YA PILI: NAFAKA

Mtoto akiwa kwa bibi, nafaka yake haihamii kwa bibi. Nafaka ya mtoto asiye na mali ni juu ya baba yake, nayo ni chakula, na mavazi, na makao, kwa kadiri ya uwezo, kama ilivyoamrishwa katika Suratut Talaq, kwamba mwenye wasaa atoe katika wasaa wake, na aliyedhikika atoe katika alichopewa na Mwenyezi Mungu. Gharama za kumlea pia hutoka katika mali ya mtoto ikiwa anayo. Na kama hana, ni juu ya yule ambaye nafaka ya mtoto imemlazimu. Kwa hiyo bibi anayemlisha mjukuu ambaye baba yake yu hai na mwenye uwezo, anatenda ihsani. Na baba anayemwacha atende hivyo pasipo hata kumshukuru, ameacha faradhi. Imepokewa katika hadithi kwamba yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza wale ambao riziki yao i mikononi mwake.

Na bibi mwenyewe, akiwa mhitaji, ana nafaka juu ya wanawe na juu ya wajukuu wake wenye uwezo. Wanavyuoni wa Kishafii wamesema kwamba nafaka ya wazazi, hata wakipanda juu, na ya wana, hata wakishuka chini, haizuiliwi na kuhitilafiana dini.

Zamani msafiri aliweza kutoa udhuru kwamba hakumpata mtu mwaminifu wa kumpa amana. Leo fedha hutoka Tanga zikafika Ngara kwa simu kabla ya chai kupoa. Udhuru huo umekwisha.

MAS'ALA YA TATU: MIRATHI NA WASIA

Bibi mmoja alimwendea Abu Bakr (R.A.) kutaka mirathi yake. Abu Bakr akamjibu kwamba hakuona fungu lake katika Kitabu, wala hakulijua katika Suna, akamwambia arejee mpaka awaulize watu. Mughira bin Shu'ba akashuhudia kwamba Mtume (S.A.W.) alimpa bibi sudusi, yaani fungu moja katika sita. Abu Bakr akataka shahidi mwingine, akasimama Muhammad bin Maslama akasema kama hayo, basi akampa. Na katika zama za Umar ikathibiti kwamba mabibi wakiwa wawili hushirikiana katika sudusi ile ile.

Mama wa marehemu akiwapo, bibi yeyote harithi. Baba akiwapo, humzuia mama yake yeye tu, wala hamzuii bibi wa upande wa mama. Mfano wake: Mtu amekufa, ameacha mke, na mtoto mmoja mwanamume, na mama wa mama yake, wote Waislamu, na mali iliyobaki baada ya deni ni shilingi 2,400,000. Bibi atapata sudusi, shilingi 400,000. Mke thumni, shilingi 300,000. Na mtoto zilizobaki, shilingi 1,700,000. Mwenye kugawa mali hii akamruka bibi kwa kuwa yuko mbali na hajui hisabu, amekula mali isiyo yake.

Bibi asiye Mwislamu hamrithi mjukuu Mwislamu. Lakini kumwandikia wasia katika thuluthi ni jaizi. Na huu ndio mlango ambao wengi wameufunga pasipo kujua.

Mlango huo huo humfaa bibi Mwislamu katika shaka yake ile kubwa. Ikiwa ana mwana mmoja yu hai, na wajukuu watatu waliozaliwa na binti yake aliyekufa, wajukuu hao hawamrithi. Shamba lote ni la mwana. Lakini aweza kuwausia mpaka thuluthi: katika ekari 3, ekari moja. Na auandike wasia, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, wala asingoje kuugua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, namba 5 ya mwaka 1999, nayo imekiri kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Basi asitishwe na wakwe wala ukoo.

KHATIMA

Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa yatima. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, na mama yake alipofariki, naye ana miaka 6, alilelewa na babu yake Abdul Muttalib mpaka alipotimiza miaka 8. Basi nyumba ya mzee aleaye wajukuu si nyumba ya kudharauliwa.

Kwa hiyo yampasa mwanamume mwenye mtoto kwa bibi, kokote kuliko, afanye mambo manne. Kwanza, amjulishe bibi kila mwezi kwamba nafaka imo njiani, na iwe imo njiani kweli. Pili, asimwondoe mtoto kwa ghafula; akiona ipo haja, ashauriane na bibi, na ikishindikana, kwa kadhi. Tatu, amtaje mtoto na nasaba yake kwa jamaa zake wa pwani angali hai, ili asije akakataliwa katika mirathi. Nne, aende Murukulazo kwa miguu yake, akae kizingitini, amshike mzee mkono, amwambie ahsante.

Hayo hayamgharimu mtu mali nyingi, na bibi ameyangoja muda mrefu.

Wallahu a'lam. Wabillahi ttawfiq.