MASOMO YA UFUNDI: Fishie iliyofutwa mu SSD, itarudi?



Wengi wanauliza: fishie ikifutwa mu ordinatere, inaweza kurudi? Jibu la zamani lilikuwa: ndiyo, mara nyingi. Leo jibu ni lingine, maana mashini nyingi mpya hazina tena disiki ya kuzunguka. Ziko na SSD. Na kama poenti za mwaka mzima ziko humo, neno hili si mchezo.

Tuanze na disiki ya zamani. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, na maandiko yanashikwa kwa nguvu ya sumaku. Ukifuta fishie, mashini inafuta paka jina lake kwenye orodha. Ni sawa vile mlinzi wa biblioteki akikata jina la kitabu ku liste, lakini kitabu kingali ku etajeri. Mpaka kitabu kingine kiwekwe pale pale, mtu mwenye akili anaweza kukitoa.

SSD haina sahani. Iko na vyumba vidogo sana vinavyoshika chaji ya umeme. Kumbukumbu ya namna hii, inayoitwa NAND, ilionyeshwa na Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba ya Japani, mwaka 1987. Sasa sikilizeni vizuri, maana siri yote iko hapa. SSD inaandika ukurasa kwa ukurasa, lakini haiwezi kufuta ukurasa mmoja. Inafuta bloki nzima yenye kurasa nyingi. Fikirini ubao wa darasa: unaandika mstari mmoja mmoja, lakini kitambaa cha kufutia ni kikubwa kama ubao wenyewe! Kufuta vile kunakawisha kazi. Ndiyo sababu SSD inapenda kufuta mbele ya wakati, ili ubao uwe tayari.

Lakini itajua namna gani kwamba mstari fulani hauna kazi tena? Ordinatere njo inaiambia. Agizo lile linaitwa TRIM. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, Windows inalitoa pale pale unapofuta kabisa. Ubuntu kwa kawaida inalitoa mara moja kwa juma. Nyuma ya agizo lile, ukitafuta fishie, SSD nyingi zinakujibu sifuri tupu, hata kama kufuta kwenyewe hakujaisha. Ukiipeleka mu mashini ingine, ikipata umeme tu inaendelea kusafisha. Haiombi ruhusa ya mtu.

Basi tufanye nini? Kwanza fungueni kikapu cha mashini, maana fishie iliyo humo haijafutwa bado. Kama haiko, zimeni mashini mbio, msiandike kitu. Kwa Ubuntu mnaweza bado kuwa na siku chache. Kwa Windows tumaini ni dogo, na yule fundi anayesema "leta feza, nitarudisha yote", mumuulize kwanza juu ya TRIM.

Ufunguo wa USB na karata ya kamera ni habari ingine: mara nyingi havipati agizo lile. Programu PhotoRec ya Christophe Grenier, isiyolipishwa, inatafuta picha na maandiko humo. Majina ya fishie mara nyingi yanapotea. Mnachopata, mkiweke ku disiki ingine, hapana pale pale.

Adui mwingine ni umeme kukatika, na huyu tunamjua. SSD inatunza orodha inayoonyesha kila ukurasa uko wapi. Orodha ikiharibika, kurasa zipo lakini hakuna anayezijua. Mwaka 2011, SSD zingine za Intel 320, nyuma ya umeme kukatika, zilijionyesha kuwa na megabaiti 8 tu. Mwezi wa Agosti Intel ilitoa programu ya kurekebisha, lakini disiki iliyokwisha kupatwa ilipaswa kufutwa yote ili itumike tena. Kutoa vipande vyake na kuvisoma kimoja kimoja ni kazi ngumu sana: maandiko yamegawanywa mu vipande vingi, na SSD nyingi zinayaandika kwa kifumbo.

Tena, SSD iliyochakaa, ikikaa bila umeme, kipimo cha JEDEC kinaomba ishike maandiko mwaka 1 kwa joto la digri 30. Kwa kabati lenye joto zaidi, muda unapungua. Kwa hiyo poenti za kutunza miaka mingi ziandikwe pia ku disiki ya kuzunguka, na ku karatasi.

Maulizo:
1. Kwa nini SSD haifuti ukurasa mmoja peke yake?
2. Sekretere amefuta fishie Jumanne mu mashini ya Ubuntu. Afanye nini mbele ya Jumatatu?
3. Kwa nini PhotoRec inafaa zaidi ku ufunguo wa USB kuliko ku SSD?